Kifaru cha Kuwekwa Dirishani

Dereva alihamia kwa mdogo wake na begi moja na mto wa kulalia. Mto ndio kitu pekee alichosisitiza kuja nacho. Mengine yote alipoulizwa alijibu "sawa". Nguo za marehemu mkewe zichukuliwe na dada zake? Sawa. Vyombo vigawiwe? Sawa. Nyumba ipangishwe kuliko kukaa bure? Sawa. Waliokuja kumpa pole waliondoka wakinong'onezana kwamba ama ana moyo wa chuma ama bado habari haijamfika kichwani.

Habari ilikuwa imemfika vizuri tu. Ila kujua jambo na kuumwa nalo ni vitu viwili, na hicho cha pili hakikuja. Alikingoja msibani, akakingoja watu walipotawanyika, kisha akaacha kukingoja. Mara mojamoja alijikagua, kama mtu anayepapasa pengo la jino kwa ulimi. Alimkumbuka mkewe akikunja mashuka, upande mmoja akiubana kwa kidevu ili usiponyoke. Picha ilikuja kamili, na mashuka yake. Maumivu hayakuja. Basi akanywa chai yake, akakaa.

Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la saruji. Alipostaafu walimwachia jina: Dereva, hata pale ambapo hakuna cha kuendesha. Kwa mdogo wake aliendesha kidhibiti cha televisheni, tena akiwa hakumbuki ameangalia nini.

Mdogo wake naye alikuwa na jina lake la kazini, Mama Kucha. Kwa miaka mingi alipaka wanawake kucha saluni, magoti chini, miguu ya watu mapajani, pua ndani ya harufu ya asetoni, mpaka kifua kikagoma. Daktari alimwambia achague kati ya kucha na mapafu. Akachagua mapafu, lakini kwa kinyongo, kwa sababu mapafu hayalipi kodi.

Mkombozi wake alikuwa rafu ya vumbi. Kwenye duka la Bosi, duka la vifaa vya nyumbani na kila kinachookotwa kwa bei nzuri, palikuwa na maboksi ya vifaru vya plastiki, vile vifaru vya vita vyenye mzinga na minyororo, vidogo vya kukaa kwenye kiganja, vya kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe. Bosi alibambikiwa ndani ya mzigo mwingine na hakujua avifanyie nini, maana wanunuzi hawakuja. Plastiki tupu ya kijivu haimwiti mtu. Mama Kucha akamwambia, nipe boksi moja bure. Nikikipaka kifaru nikakiweka dirishani na maboksi yakaanza kutoka, rafu hii naisimamia mimi na tunagawana. Bosi aliona hana cha kupoteza zaidi ya boksi alilokwisha kulihesabu kuwa limepotea. Wakapeana mikono.

Mtu aliyewahi kuchora ua kwenye ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu, tena wa mama anayecheka na simu, hashindwi na kifaru. Alichokiweka dirishani kilikuwa na kutu kwenye bomba la moshi, michubuko mlangoni palipokanyagwa na buti, vumbi lililoshuka kwenye pembe kama limetoka barabarani. Wapita njia walisimama. Wengine waligonga kioo kwa kidole, sijui wakitegemea nani afungue. Maboksi yakatoka, na Mama Kucha akalipa kodi bila kumpigia mtu magoti.

Halafu maboksi yakaanza kurudi.

Dereva alikuwepo siku hiyo, kwa sababu mdogo wake alimtaka ambebee katoni la rangi. Bosi, mtu mnene mwenye vidole vifupi na miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinama chini ya kaunta akatoa vitu na kuvipanga kimoja kimoja.

"Mama Kucha, njoo uwatambue watoto wako."

Kimoja kilikuwa na rangi nzito mpaka milango haionekani. Kingine mzinga umelegea umeinama kama mtu anayesinzia. Cha tatu kiling'aa kama kiatu cha harusi, na namba yake ya ubavuni ilikuwa imekunjamana.

"Hawa si wangu," alisema Mama Kucha. "Mimi sizai hivi."

"Wamezaliwa kwenye maboksi yako. Walionunua wanadai pesa zao. Wanasema boksi ni bovu, kifaru cha dirishani hakitoki humo."

"Kinatoka humohumo."

"Kwa mkono wako. Mimi siuzi mkono wako, nauza maboksi." Bosi alivua miwani akaifuta kwa shati. "Umenipendezeshea dirisha mpaka watu wanajiona wajinga. Mtu akijiona mjinga harudi tena kununua. Mzigo mpya ukifika rafu hii naipa makava ya simu. Kava la simu halirudishwi na mtu anayelia."

Mama Kucha hakubisha, na hapo ndipo Dereva alipojua kwamba mambo ni mazito, maana mdogo wake alizoea kubisha hata saa ikisema ni mchana.

"Nipe mpaka mzigo ufike," alisema. "Nikuwekee dirishani kifaru cha mtu anayeanza. Kisafi, cha kawaida. Mtu akitazama aseme, hata mimi."

"Kiwe kimepakwa na mtu anayeanza kweli. Usiniletee cha kwako ukasingizia mtu."

"Utajuaje?"

"Nimeuza vitu feki miaka mingi, mama. Navijua kwa harufu."

Njiani Mama Kucha alitembea mbele, Dereva nyuma na katoni. Alisema bila kugeuka, "Rafu ikienda, narudi saluni. Unanisikia, Kaka? Narudi kwenye asetoni, na safari hii hicho kifua kitanizika."

"Sawa," alisema Dereva.

"Si sawa."

"Haya, si sawa."

Kwanza Mama Kucha alijaribu kudanganya, kwa sababu ndivyo mtu mwenye akili anavyoanza. Alipaka kwa brashi nene, kwa mkono wa kushoto, redio ikipiga kelele. Kikatoka kizuri, tena kwa dharau. Akakichafua makusudi. Makosa yakakaa pale pale ambapo fundi angeyaweka, yamejipanga kama meno ya bandia. Akakisukuma pembeni, akainua macho, akamwona kaka yake upande wa pili wa meza akitazama ukuta.

"Kaka, umewahi kupaka rangi kitu chochote?"

Dereva alifikiri. "Viatu."

"Hiyo ni dawa ya viatu, si rangi."

"Basi sijawahi."

"Nakupenda," alisema Mama Kucha, akamsogezea boksi.

Hakumfanyia hivyo ili apone. Hilo liwe wazi, kwa sababu baadaye majirani walilipamba. Alihitaji mikono miwili isiyojua kitu, na hii ilikuwa mezani kwake, inakula kwake, haidai ujira.

Dereva alikata vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki iliyovishikilia, akavigundisha akifuata michoro, akapuliza praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza inayofanya nyingine zishike. Alipuliza karibu mno ikatiririka. Akafungua kichupa cha kijani akachovya brashi mpaka shingoni.

"Lete hapa," Mama Kucha alimpokonya. Akapaka ubavu mmoja, laini kama ngozi ya mtoto. Kisha akagundua alichofanya, akalaani kimoyomoyo. Ubavu mmoja ulikuwa wa fundi, mwingine wa dereva wa lori. Ikabidi aukwangue. Tangu hapo alikaa amekalia viganja vyake mwenyewe.

"Kwa nini umechovya hivyo?"

"Boksi limesema paka kijani. Halijasema kidogo."

Mama Kucha aliinamia boksi akalisoma. Ni kweli, boksi halikusema. Yeye alijua tangu saluni kwamba rangi huwekwa nyepesi kama maziwa, mkono wa kwanza mwembamba usiofunika vizuri, ukauke, kisha wa pili. Alilijua hilo kiasi kwamba alisahau kuwa ni kitu cha kujua.

Waliendelea hivyo. Alipoambiwa abandike namba ya ubavuni, ile stika inayolowekwa kwenye maji mpaka iteleze kwenye karatasi yake, Dereva aliiweka moja kwa moja kwenye rangi kavu isiyong'aa, ikabaki na ukungu mweupe pembeni. Ndipo wote wawili wakajua kwamba mwanafunzi lazima aambiwe apitishe kwanza vanishi ya kung'aa pale stika itakapolala. Ilipofika zamu ya maji machafu, jina ambalo Mama Kucha aliipa rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa thina mpaka iwe kama maji ya kuoshea brashi, alimwambia, "Mwagia kwenye mistari, ijifiche humo, milango na misumari ionekane."

Dereva alikimwagia kifaru chote, juu mpaka chini, kama alivyokuwa akiosha lori. Akakiacha kimesimama kwenye dimbwi lake. Baadaye alipokiinua, magurudumu mawili yalibaki mezani. Thina ilikuwa imeingia kwenye vishikio vya plastiki ikavila vikapasuka.

Alitazama magurudumu. Mtu mwingine angetukana. Yeye aliona tu magurudumu mawili mezani, na kifaru kimeinamia upande mmoja.

"Yametoka," alisema.

"Naona yametoka. Unajisikiaje?"

"Kuhusu nini?"

Mama Kucha alimtazama kidogo. "Basi. Gundisha. Safari nyingine ni kidogo, kwa ncha ya brashi, kwenye mistari peke yake."

Kitu alichokiweza bila kufundishwa sana ni brashi kavu. Unachovya rangi nyepesi zaidi, unaifutia karibu yote kwenye karatasi mpaka brashi haitoi kitu, halafu unapangusa kingo za kifaru tena na tena, bila haraka, mpaka kingo zinaanza kuonekana zimepigwa na jua. Haihitaji akili wala moyo. Dereva alipangusa mpaka chai ikapoa. Alipomaliza, aliona giza limeanza kuingia chumbani na hakumbuki mchana ulipopita, lakini hilo halikuwa jipya. Michana yote ilipita hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii mezani palikuwa na kitu.

Akaweka tope la rangi chini, kwenye minyororo, akapuliza vanishi isiyong'aa ya kumalizia, na kile kifaru cha kwanza kikawa kimekwisha. Kilikuwa na mistari ya brashi mgongoni. Namba ilipinda. Gurudumu moja lilitazama kando kama linataka kuaga. Lakini ukikiweka mbali kidogo kilikuwa kifaru, kimesimama, cha kijani, chenye vumbi. Mama Kucha alikizungusha mkononi kwa furaha ya mtu aliyepata bei.

"Hiki hapa. Bosi atakipenda mpaka alie. Kibaya kwa uaminifu."

"Asante."

"Sikusifu, Kaka."

"Najua."

Akakiweka juu ya kabati, akasema kitaenda dukani mzigo ukikaribia, asije Bosi akapata muda wa kubadili mawazo. Wakati huo alimpa Dereva cha pili, kisha cha tatu, ili ajaribu maelekezo mapya ya mtu anayeanza, ambayo Mama Kucha alikuwa akiyatunga. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyezoea wateja wanaoondoka na kucha zao: hakufikiria kwamba mkono ukiachwa mezani unajifunza.

Siku Mama Kucha alipokwenda kupima kifua, Dereva alibaki peke yake. Alikuwa amemaliza cha tatu. Akainua macho yakagonga kabati.

Tope halikuwa sawa.

Alisimama akakishusha kile cha kwanza. Alikuwa amelipaka kwa mstari mmoja ulionyooka pande zote, kama soksi. Maisha yake yote alikuwa ameosha tope kwenye chuma. Tope halikai hivyo. Linarushwa nyuma, linaganda nyuma ya gurudumu la mwisho, linakauka jeupe pembeni na kubaki jeusi katikati, na pale mnyororo unaposugua halikai kabisa. Alikaa na kifaru mkononi. Kulikuwa na kitu kifuani mwake, kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu. Alikichunguza akitumaini huenda ndicho kile alichokuwa akikingoja tangu msiba. Hakikuwa hicho. Ilikuwa kero tu. Tope limekaa vibaya.

Alilifuta kwa pamba yenye thina kidogo, kwa adabu safari hii, akaliweka upya. Baada ya hapo namba iliyopinda ikaonekana imepinda zaidi, akaing'oa akabandika nyingine. Mgongo wenye mistari akaupiga msasa laini akaupaka mara mbili, rangi nyepesi kama maziwa. Gurudumu akalinyoosha. Akapitisha brashi kavu, akapuliza vanishi.

Mama Kucha alirudi, akatundika mkoba, akatazama kabati, akatazama meza.

"Cha kwanza kiko wapi?"

"Hiki."

Alikichukua. Alikigeuza. Kilikuwa kifaru kizuri, kizuri kuliko hata vingi alivyowahi kuuza, na tope la nyuma lilikuwa bora kuliko lake.

"Umekifanya nini?"

"Tope lilikuwa limekaa vibaya."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Mama Kucha alikaa chini na viatu vyake. Alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Tangu wifi afe hujagusa kitu nyumba hii. Bomba lilivuja ukaliangalia. Mwanao akipiga simu unamwambia sawa, sawa, mpaka analia mwenyewe anakata. Nikawa nasema, mwache, siku akigusa kitu mwenyewe tutafurahi. Kumbe utakigusa hiki."

Dereva aliona kwamba anastahili kuona haya, akajaribu, haya haikuja. "Naweza kupaka kingine," alisema.

Walijaribu. Muda haukuwa tatizo. Ni kwamba haikuwezekana. Mkono wake ulikuwa umekwisha jua. Mama Kucha akimwambia achovye sana, anachovya, halafu brashi inajifuta yenyewe ukingoni mwa kichupa. Akimwambia apindishe namba, inapinda kwa ustadi. Mtu anakuwa mgeni wa kazi mara moja tu, na mgeni wao walikuwa wamemtumia wakamkarabati. Kwa jirani Mama Kucha hakwenda, kwa sababu jirani angetangaza, na mzigo wa Bosi ulikuwa umefika bandani. Alikwishauona kwa macho.

Asubuhi walikwenda dukani na kile kifaru, pamoja na katoni la Mama Kucha la rangi na brashi. Makava ya simu yalikuwa yamerundikwa chini, yamefungwa kwa plastiki, na rafu ilikuwa nusu tupu. Bosi alikipokea kifaru, akakisogeza puani.

"Hiki ni chako."

"Ni cha kaka yangu. Muulize."

"Umeanza lini kupaka?" Bosi alimuuliza Dereva.

"Juzijuzi."

"Mwongo huyu. Angalia hili tope." Bosi alimrudishia Mama Kucha. "Nilikuambia sitaki usanii. Naomba usinipotezee muda, nina mzigo."

"Tuelewane kidogo," alianza Mama Kucha, na Dereva alimsikia akishuka: mgao wake upungue, halafu upungue tena, halafu rafu iwe nusu, halafu apewe kona tu ya dirisha. Alikuwa hajawahi kumsikia mdogo wake akishuka bei bila mwenzake kupanda. Bosi alikuwa akifungua katoni la makava kwa kisu na hata hakuwa akimtazama. Mama Kucha alikohoa, akageuka pembeni akakohoa tena, kikohozi kile cha ndani, akaendelea kushuka.

Dereva alitazama vidole vya Bosi kwenye kisu. Vifupi, vinene, na hata utepe wa katoni vilikuwa vikiukata kombokombo.

"Wewe umewahi kupaka?" alimuuliza.

Bosi aliinua kichwa. "Kupaka nini?"

"Chochote."

"Mimi nauza, mzee. Wanaopaka wananipa pesa."

"Kaa basi," alisema Dereva. Akavuta ndoo mbili tupu kwenye kaunta, akazigeuza, moja akamsogezea Bosi, nyingine akaikalia. "Wewe ndiye huyo anayeanza. Kikitoka kibaya, weka makava. Kikitoka kifaru, utajua boksi si bovu, na utakuwa huna wa kumshuku."

Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kusema sawa. Labda ndiyo maana Bosi hakukasirika. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitasa waligeuka. Mmoja, mama mwenye mwavuli, akasema, "Eh, Bosi, mbona umepauka?"

"Nani kapauka?" alisema Bosi, akakaa. Kwa mfanyabiashara, kununuliwa kwa kejeli ni rahisi kuliko kwa hoja, ila hakuna anayekubali kwamba bei yake ni hiyo.

Walimpa kifaru kilichokwisha kuunganishwa na kupigwa praima, kilichokuwa ndani ya katoni la Mama Kucha. Bosi alichovya. Rangi ikadondoka kaunta. Mama Kucha alinyoosha mkono, "Lete, si hivyo, unai..."

"Mdogo wangu," alisema Dereva, "katuletee maji."

"Maji yapo hapa."

"Mengine."

Alimtazama kaka yake, akamtazama Bosi, akaenda.

"Imekuwa nyingi," alisema Bosi.

"Ndiyo. Ongeza maji matone kidogo. Iwe kama maziwa."

"Haifuniki."

"Haitafunika sasa. Ngoja ikauke."

"Nimeharibu hapa."

"Ngoja ikauke."

Dereva hakumsifu na hakumcheka. Hakuwa akijizuia, hakukuwa na kitu cha kuzuia. Alitazama rangi ya Bosi ikikusanyika kwenye kona kama alivyotazama bomba likivuja, akasema kinachofuata. Kazi ilikwenda kwa vipande siku hiyo, kati ya mteja na mteja, mkono mmoja wa rangi ukikauka wakati Bosi anapima nyaya. Waliokuja kununua balbu walibaki. Mama wa mwavuli aliondoka akarudi na dada yake. Bosi alibandika namba kichwa chini, akaapa kwamba karatasi ndiyo iliyogeuka. Maji machafu aliyaweka kwa ncha ya brashi, ulimi nje, na mistari ya milango ilipojitokeza alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na pesa, "Aa, kumbe humu ndani kuna milango."

"Ilikuwepo," alisema Dereva.

Kifaru kilitoka kibaya. Hakuna cha kuficha. Lakini kilikuwa kibaya kama vile watu walivyo wabaya asubuhi, unawatambua tu. Bosi alikiweka dirishani mwenyewe, akatoa kile cha Mama Kucha akakisogeza rafu ya juu, kwa wenye kiburi. Chini ya chake akaandika kwa kalamu nene kwamba kimepakwa na mwenye duka, mara ya kwanza, kwa vidole hivi. Mama mwenye mwavuli alisema kama hivyo vidole vimeweza, basi hata yeye, akachukua boksi. Dada yake naye akachukua, wasije wakaazimana.

Mama Kucha, aliyekuwa ameegemea mlango na chupa ya maji ambayo hakuna aliyeihitaji, aliona maboksi yakitoka, akaona Bosi anatazama makava kama mtu anayewatazama wageni waliowahi. Hapo hapo akapanda. Rafu nzima. Mgao wa zamani. Na meza pale mlangoni kila Jumamosi kwa wanaoanza, yeye atoe rangi, Bosi atoe nafasi.

"Nani atakaa hapo mezani?" alisema Bosi. "Wewe? Utawapokonya brashi mpaka wakimbie."

"Kaka yangu atakaa."

"Anataka nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nikisema bei yake utasema nimeongeza."

Wote wawili walimgeukia. Dereva aliona wanangoja, na neno lake la kawaida lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amekaa siku nzima juu ya ndoo, na mgongo wake ulikuwa unauma, maumivu ya kawaida kabisa, ya mfupa, upande wa kushoto.

"Kiti chenye mgongo," alisema.

"Na pesa?" aliuliza Bosi.

"Hizo ongea na mdogo wangu."

Mama Kucha alivuta ndoo akaikalia, akavua viatu, na kwa jinsi alivyovivua Bosi akajua kwamba watachelewa kufunga duka.